Siku ya pili yake, waliposhuka mlimani

Nilirudi kutoka mafungo ya siku tatu Jumapili jioni, daftari limejaa, macho yamevimba kwa kulia mbele za Mungu. Jumatatu alfajiri nikamfokea mama yangu mzazi. Mama amepooza upande mmoja, na asubuhi ile alimwaga maji ya kunawia kwenye shuka niliyotoka kuitandika. Mimi nilikuwa na haraka. Nilikuwa nawahi kusali.

Naandika haya kwa aibu, lakini najua si mimi peke yangu. Katika kikundi chetu cha uanafunzi nimewasikia wengi wakisema hivyo hivyo kwa maneno mengine: kwenye mkesha nilikuwa moto, nilipofika nyumbani nikazimika. Kisha wanaanza kutafuta semina nyingine.

Kwa miaka mingi nilisoma habari ya Yesu kugeuka sura, alipopanda mlimani na Petro, Yohana na Yakobo, kana kwamba inaishia huko huko. Uso unang'aa, Musa na Eliya wanatokea, sauti inasikika winguni, amina. Wiki ile ya aibu yangu niliisoma upya kwa Luka, polepole, nikakwama kwenye mstari ambao nilikuwa naupita mbio: "Ikawa siku ya pili yake, waliposhuka mlimani, kundi kubwa la watu lilikutana naye." Miongoni mwao alikuwamo baba mwenye mwana anayeteswa na pepo, na wanafunzi tisa waliobaki chini walikuwa wamejaribu kumponya wakashindwa. Injili zote tatu zinazosimulia mlima, yaani Mathayo, Marko na Luka, zinaunganisha na kijana yule. Mchoraji Raffaello aliliona hilo. Mchoro wake wa mwisho, aliouacha alipofariki mwaka 1520, una Kristo anayeng'aa juu, na chini yake, kwenye mchoro huo huo, kijana anayetupwatupwa na umati uliochanganyikiwa. Hakukata picha katikati. Sisi ndio tunaokata.

Sasa tazama ile sauti inaamuru nini. Ningekuwa mimi ningetarajia "mtazameni," maana kulikuwa na cha kutazama. Mungu Baba anasema "msikieni yeye." Wamsikie akisema nini? Mlimani Injili haziwekei Yesu mahubiri yoyote. Ila rudi nyuma siku sita (Luka anasema yapata nane): alikuwa ametoka kuwaambia kwamba atateswa na kuuawa, Petro akamkemea, akaambiwa "Rudi nyuma yangu, Shetani." Kisha likaja neno la kujikana na kujitwika msalaba, na Luka anaongeza "kila siku." Hilo ndilo neno walilokuwa wameziba masikio wasilisikie. Hata Musa na Eliya, ndani ya utukufu wote ule, walikuwa wakizungumza habari za kufariki kwake Yerusalemu. Luka ametumia hapo neno la Kigiriki exodos, lile lile la kutoka Misri.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nikilazimishwa kubaki na mmoja nitabaki na huu: ukitoka kwenye ibada iliyokugusa, usijiulize utaipata lini tena hali ile. Jiulize Bwana alikuwa amekuambia nini kabla yake, ukakwepa. Mimi nilijua jibu. Kwa miezi mingi nilikuwa naomba "huduma," na moyoni nilikuwa nimeshaonyeshwa mlango wa chumba cha mama. Sikuutaka. Niliutaka mlima.

Simdharau Petro kwa vile vibanda vitatu alivyotaka kuwajengea Yesu, Musa na Eliya pale mlimani. Alitaka utukufu ukae, na Luka anamtetea kwa upole kwamba alisema "hali hajui asemalo." Mimi nimejenga vibanda vingi zaidi. Daftari la mafungo lilikuwa kibanda. Ushuhuda nilioutuma kwenye kundi la simu usiku ule ule nao ulikuwa kibanda, na kizuri kweli, watu arobaini na zaidi wakaniitikia "ubarikiwe." Angalia Yesu anavyowaambia wakishuka: wasimwambie mtu mpaka Mwana wa Adamu afufuke. Siku hizi najizuia. Jambo ambalo Mungu amenigusa nalo nalikalisha kimya kwanza, wiki mbili tatu, nione kama litanibadilisha ndani ya nyumba. Mengi hayafiki wiki ya pili.

Na wewe ambaye hukuwahi kuona mwanga wowote? Kuna waumini waaminifu wanaosikiliza shuhuda za wenzao wakijihisi wana wa kambo. Kati ya wale kumi na wawili, tisa hawakupandishwa. Haikuwafanya wasiwe mitume. Na kilio kikubwa cha imani katika sura ile, kwa Marko, hakikutoka mlimani, kimetoka kwa baba aliyekuwa vumbini: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Nimepita kipindi kirefu ambacho hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu nzima, asubuhi na jioni, nikiwa mkavu kama jani. Isali kama ulivyo. Bwana hakumwambia yule baba arudi akishaamini vizuri.

Petro mwenyewe, katika waraka wake wa pili, anaukumbuka mlima ule mtakatifu, kisha ghafla anawaelekeza wasomaji kwenye neno la unabii, "kama taa ing'aayo mahali penye giza." Aliyeona uso uking'aa kama jua anakuambia ushike taa. Taa unaibeba mkononi, inaonyesha hatua chache tu, na lazima uendelee kuitunza. Kwangu imekuwa ni mistari michache ya Injili kila siku, na jambo moja la kutii kabla sijalala.

Mathayo ana kipande ambacho wenzake hawana. Wale watatu wameanguka kifudifudi kwa hofu, na Yesu anakuja, anawagusa. "Inukeni, wala msiogope." Wanainua macho, hawaoni mtu ila Yesu peke yake, bila mwanga, na vumbi la njia miguuni, nadhani.

Jumatatu ile jioni nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba mama radhi. Kuongea kwake ni kwa shida. Akanyoosha mkono wake mzima, akaniwekea kichwani, akauacha hapo muda mrefu.

Bado anamwaga maji. Siku hizi nasali baada ya kumwogesha na kubadilisha shuka, na mara nyingine usingizi unanikamata katikati ya sala, kama ulivyowakamata wale watatu.