Mdogo wangu, ofu yangu ililiwa na bomba

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema kikao cha harusi kilinisubiri nusu saa nzima, simu inaita haipokelewi, mpaka shangazi akatoa kauli kwamba sisi wa Marekani tumeshageuka Wazungu. Ukamalizia: "Kwani dada Jumanne si ofu yako? Na huko si kila kitu mnabonyeza tu?" Nakujibu kwa kirefu, na ukitaka kuwasomea wanakamati, wasomee.

Kweli Jumanne ilikuwa ofu. Nilitoka zamu ya usiku saa 1 asubuhi, kule kwenye nyumba ya wazee, nimegeuza na kubadilisha nepi watu kumi na mmoja. Mpango wangu ulikuwa chai, kisha kikao chenu saa 2, maana kwenu inakuwa saa 11 jioni, kisha usingizi mpaka jua lizame. Hapa Minneapolis asubuhi hiyo baridi ilikuwa nyuzi 26 chini ya sifuri. Ukipepesa macho kope zinagandana. Nikafika nyumbani, nikafungua bomba la jikoni nijaze birika. Likakohoa mara moja, kimya.

Nikajua. Watu wa huku wanasimuliana habari za bomba kuganda kama sisi tunavyosimuliana habari za nyoka chooni. Sinki langu limeegemea ukuta wa nje, na bomba linapita humo humo ukutani. Kosa lilikuwa langu, nakiri. Wiki mbili hizo nikienda kazini usiku nilikuwa nashusha joto la nyumba mpaka digrii 58 za huku, kama 14 za Selsiasi, ili bili ya gesi ipungue. Kwa nini ipungue? Kwa sababu ya mchango wenu. Sikulaumu, nakueleza hesabu ilivyokaa.

Nikachukua draya ya nywele, nikapiga magoti, kichwa ndani ya kabati la sinki, nalipuliza bomba hewa ya moto. Baada ya dakika kama ishirini maji yakaanza kuchuruzika kwenye sinki. Nikasema alhamdulillahi, nikasimama kuchukua birika. Ndipo nikasikia sauti nyingine, ndani ya ukuta, kama mvua juu ya bati.

Kumbe bomba lilishapasuka usiku. Maji yakiganda yanatanuka, karibu asilimia 9. Unaikumbuka ile chupa ya soda tuliyoisahau kwenye friza ya mama mdogo? Basi ndiyo hivyo hivyo. Ila barafu yenyewe ndiyo iliyokuwa kizibo, na mimi na draya yangu tukaenda kukizibua.

Maji yakatokea chini ya ukuta, yakanipita miguuni, yakashika njia ya ngazi kwenda chumba cha chini. Koki kubwa ya nyumba nzima iko huko huko chini, pembeni ya mita, kigurudumu ambacho sikumbuki kukigusa tangu ninunue nyumba. Kikagoma. Mikono imelowa, inateleza. Nikaivuta kanga iliyokuwa imeanikwa pale, ile aliyonipa mama yenye "Mtaka cha mvunguni sharti ainame", na kweli nilikuwa nimeinama. Nikaizungushia kwenye koki, nikakaza meno. Ikasogea robo, ikasogea nusu. Hapo ndipo simu ikaanza kuita mfukoni. Ndiyo ninyi hao.

Sasa hilo la kubonyeza. Nilibonyeza, tena sana. Mafundi bomba wanne niliowapigia wote walikuwa wamezidiwa, maana baridi ile haikupasua bomba langu peke yangu. Mmoja akasema kesho kutwa. Mwingine angeweza kuja siku hiyo hiyo, lakini kufika tu mlangoni ni dola 180, kabla hajafungua begi. Piga hesabu: ni kama shilingi laki nne na nusu za kwetu Tanzania, na bado hajashika spana. Bima ninayo, ila inaanza kulipa baada ya mimi kubeba dola 1,000 za mwanzo. Kwa bomba moja haifungui hata mdomo.

Na simlaumu fundi. Amesomea kazi yake miaka, ana leseni ya jimbo, saa yake ina bei. Mimi nami nalipwa kwa saa, siwezi kutaka yangu iwe ghali na yake iwe rahisi. Lakini matokeo yake ndiyo haya: mtu wa kipato changu anakuwa fundi wake mwenyewe, apende asipende. Huku nimeshajifunza kupaka rangi, kubadilisha betri ya gari, kunyoa kwa vioo viwili. Siku ya mapumziko ndiyo siku ya kazi hizo zote. Ile picha niliyoweka nimekaa kwenye kochi na kikombe, uliyosema "dada unakula maisha", nilipiga nikisubiri gundi ya kigae ikauke.

Basi nikakata ukuta. Usishtuke, ukuta wa ndani huku ni jasi iliyovikwa karatasi, kisu tu kinatosha. Nyuma yake kuna sufi ya kuzuia baridi, ya rangi ya waridi, nzuri kwa macho, inawasha kama upupu. Nikaikuta paipu ya shaba imepasuka mpasuko wa urefu wa kidole, kingo zimebenuka nje kama midomo ya mtu anayepiga mluzi. Nikapima unene kwa rula: milimita 16. Inchi nusu ni karibu 13, nikajiambia hii imezidi, nikaendesha gari dukani kwenye barafu, nikanunua viungio vya robo tatu. Nikarudi. Vinapwaya. Nikatoka niende tena.

Nilipoanguka kwenye ngazi za mlangoni ndipo jirani aliponiona. Ni Msomali, amekulia Eastleigh, dereva wa malori, na yeye siku hiyo alikuwa nyumbani. Akaingia na kikata paipu mfukoni, akatazama tundu langu ukutani, akatazama viungio nilivyonunua, akasema kwa Kiswahili chake cha Nairobi, "Sasa wewe dada, hii ulikuwa unataka kuishikanisha na nini, mate?" Kumbe paipu ya shaba ya nusu inchi kwa nje inafika inchi tano ya nane, ndiyo hizo milimita 16 zangu. Akazungusha kikata, akaniachia msasa nisugue ncha, akanionyesha kiungio cha kusukuma cha nusu inchi: unachomeka mpaka kigonge mwisho, hakuna moto wala kulehemu. Saa 11 jioni maji yalirudi. Alikataa hela, akakubali chai ya tangawizi na mandazi yangu ya Jumapili, magumu kama kokoto. Hakusema kitu.

Najua utaniambia: hapo Makorora, Tanga, ungepiga simu moja, fundi angekuja na baiskeli, mkoba kwenye mpini, kwa elfu ishirini na chai. Kweli kabisa. Lakini nawe sema kweli, angekuja kurekebisha bomba ambalo lina siku tatu halijatoa maji. Tena bomba letu linalala juu ya ardhi, saa 7 mchana maji yanatoka moto bila hita. Huku bomba la mtaani linazikwa zaidi ya kimo cha mtu, na bado baridi inalitafuta. Ukiniuliza kama uje, sitakwambia usije. Nakwambia ukija, jua kutumia spana.

Mchango nitautuma Ijumaa. Umepungua kidogo, mwambie mweka hazina ni mambo ya bomba, na shangazi mpe salamu zangu, mwambie bado ni Mswahili, kanga imeniokoa.

Usiku ule jirani alinishauri niache bomba la jikoni likidondosha kidogo kidogo mpaka baridi ipungue, kwa sababu maji yanayotembea hayagandi upesi. Saa 4 usiku nikampigia mama, kwenu asubuhi imeshaingia. Nimeanza kumsimulia, akanikatisha. "Nasikia tone," akasema. "Mwanangu, nenda kafunge bomba, maji yanapotea."