Binti wa kazi aliyekubali mwenyewe

Ndugu yangu, umesema utumwa uliisha zamani, na binti wa kazi aliyeondoka Mpwapwa kwa hiari yake hawezi kuitwa mtumwa. Hapana. Ni kweli Tanganyika iliufuta utumwa kisheria mwaka 1922. Lakini sheria ya usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008 inauliza alipatikanaje na alipelekwa kufanya nini. Kama aliahidiwa kufundishwa cherehani, kumbe anaamshwa alfajiri na kulala usiku wa manane, simu amenyang'anywa, mshahara eti "anatunziwa" na mwenye nyumba, kukubali kwake hakumwokoi aliyemchukua. Akiwa mtoto, hata ridhaa ya mzazi si utetezi mahakamani.

Kinachoniuma ni kwamba mtama ukikauka huku Ugogo, nchi ya Wagogo mkoani Dodoma, ahadi za namna hiyo hupokelewa kwa mikono miwili. Mzazi ana njaa, atauliza maswali gani?

Ukimjua mtoto wa hivyo, hata jirani yako hapo Dodoma mjini, piga 116, namba ya kusaidia watoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Usisubiri apigwe ndipo utoe taarifa.