Kwa anayetaka kubuni mavazi ya mtindo wa zamani: anza kwa kufumua

Mleta mada, umesema una cherehani, unashona nguo rahisi, una picha tele za magauni ya miaka ya 1950, na unataka kuwa mbunifu wa kujitegemea. Ukauliza uanzie wapi, kama chuo ni lazima, na kama hutaonekana mwizi wa kazi za watu. Waliotangulia wamekushauri kuhusu jina la biashara na kurasa za mitandao. Hayo yana wakati wake. Mimi kazi hii ndiyo inayoniweka mjini, nabuni, nashona na kuuza mwenyewe, na nitakwambia jambo ambalo halijasemwa: funga hizo picha, tafuta gauni la zamani lenyewe, ulifumue.

Usitafute zuri. Zuri livaliwe au litunzwe, kulifumua ni dhambi. Tafuta lililochanika kwapani, lenye doa sugu, lile ambalo muuzaji mwenyewe analionea aibu. Ligeuze ndani nje, piga picha kila mshono, ndipo ushike wembe.

Picha inakuonyesha maua na kola. Ndani ya nguo ndipo utakapoona kwa nini ilikaa vile mwilini. Kwenye magauni mengi ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1950 utakuta zipu ya chuma ubavuni, upande wa kushoto, si mgongoni. Utakuta mishono imeachiwa kitambaa kingi, na pindo pana la kukunjwa, kwa sababu nguo ilitarajiwa kupanuliwa, kurefushwa, hata kurithiwa. Kwenye magauni yaliyoshonwa vizuri, kiunoni kwa ndani pana utepe mgumu usiovutika, wenye kulabu yake, unaofungwa kabla ya zipu. Huo utepe ndio unaobeba uzito wa sketi, la sivyo sketi pana ingevuta kifua chote chini na zipu ingefumuka. Ukiuweka kwenye gauni lako la leo, mteja atasema tu kwamba linamkaa vizuri, hatajua ni kwa nini.

Ukimaliza kufumua, piga pasi vipande, vilaze juu ya karatasi, chora. Hiyo ni pateni yako ya kwanza, yaani kielelezo cha karatasi cha kukatia nguo, na imekufundisha bure.

Sasa, usiishone ilivyo.

Mitindo ile ilikuwa na sababu zake, na sababu nyingi zimekwisha. Uingereza nguo ziliwekewa mgao kuanzia Juni 1941, na mwaka uliofuata zikaja kanuni za kubana idadi ya vifungo, mifuko na marinda. Sketi nyembamba za wakati ule hazikutokana na ladha peke yake, kitambaa kilikuwa hakipatikani. Tarehe 12 Februari 1947 mbunifu Mfaransa Christian Dior akaonyesha Paris kiuno kilichobanwa na sketi iliyomwagika kitambaa, na watu wakashangilia au wakakasirika kwa sababu hiyohiyo: Waingereza walikuwa bado kwenye mgao, uliodumu hadi 1949. Kiuno kile nacho hakikuwa cha gauni tu. Chini yake palikuwa na nguo za ndani za kubana tumbo na kuinua kifua, kama korseti. Gauni lilikatwa kufuata umbo hilo lililotengenezwa, si mwili ulivyo.

Kwa hiyo ukinakili mkato wa 1950 kwa uaminifu, kisha ukamvisha mtu anayekaa kwenye kiti siku nzima bila korseti, kiuno kitamkata na kifua kitamvimba mahali pasipo na mwili. Watu husema "mitindo ya zamani hainikai". Mtindo hauna kosa. Ni kwamba hakuna aliyeubadilisha. Kazi ya mbunifu iko hapo: ushushe kidogo ncha ya mikunjo ya kubana kifuani, uongeze nafasi ya kupumua kiunoni, upanue mkono kwa nyuma ili mtu aweze kunyoosha mikono mbele. Weka mfuko. Na hakikisha akitazamwa kwa mbali bado aonekane ametoka enzi ile.

Nikupe hesabu moja ambayo naitumia kila mara. Sketi ya duara kamili ya kiuno cha sm 72: gawanya kwa 6.28, unapata nusu kipenyo cha kiuno, karibu sm 11.5. Ongeza urefu wa sm 70, umefika 81.5, yaani duara lenye upana wa sm 163. Kitambaa cha upana wa sm 150 hakilitoshi kwa kipande kimoja. Unakata nusu mbili, na kitambaa kinakimbilia mita 3.3 kabla ya kuweka pindo. Nusu duara ya vipimo hivyohivyo (gawanya kiuno kwa 3.14) inaingia kwenye mita 1.9 hivi. Mzunguko wa pindo unashuka kutoka karibu mita 5 hadi karibu 3. Kwa mpita njia bado ni sketi ya kumwagika. Kwa mfuko wako ni tofauti ya kuendelea na kufunga. Mimi duara kamili naiweka kwa oda za sherehe tu.

Tena, ukiniuliza nani wa kumsoma, sitakupeleka kwa Dior kwanza. Nyuma yake palikuwa na mafundi wengi, na wewe uko peke yako na cherehani moja. Mtazame Claire McCardell, Mmarekani, ambaye mwaka 1942 alitoa gauni la kujifunga la kufanyia kazi za nyumbani, lenye mfuko mkubwa, na lililouzwa pamoja na glavu yake ya jikoni. Alitumia denimu, pamba, sufu ya kufuma. Nguo zake zilisimama bila korseti. Mtazame na Madeleine Vionnet wa Paris, bingwa wa kukata mshazari, yaani kitambaa kinalazwa ili mtande na mshindo (nyuzi za urefu na za upana wa kitambaa) vishuke kwa pembe ya nyuzi 45 na nguo ivutike kidogo kufuata mwili bila lastiki. Yeye alibuni kwa kuviringisha kitambaa juu ya mwanasesere mdogo wa mbao. Nawe unaweza kujaribu mikato yako kwa nusu ya kipimo, utaokoa kitambaa kingi sana. Ila ukikata mshazari, ning'iniza nguo usiku kucha kabla ya kukunja pindo, maana itashuka, na haishuki sawasawa pande zote.

Pateni za zamani za karatasi zipo na ni nzuri kujifunzia. Nyingi ni za saizi moja tu kwa bahasha, na baadhi hazina maandishi, zina matundu ya alama peke yake, hivyo soma ile karatasi ya maelekezo kabla ya kugusa mkasi. Namba usiziamini. Kwenye pateni za Kimarekani za mwanzoni mwa miaka ya 60, namba 12 ilikuwa kifua cha inchi 32. Baada ya mabadiliko ya karibu 1967, namba 12 ileile ikawa inchi 34. Pima karatasi yenyewe kwa futi. Kisha shona kwanza kwa marekani, kile kitambaa cha pamba cha bei nafuu, mvishe mtu halisi, mwambie akae, ainame, anyanyue mikono. Ukimaliza kurekebisha hiyo ya marekani, ihamishie kwenye karatasi ngumu. Hiyo sasa ni yako.

Na hapa ndipo biashara ilipo. Mbunifu wa kujitegemea haishi kwa mawazo mapya kila wiki. Anaishi kwa mikato michache aliyoisahihisha hadi ikakaa, anayoirudia kwa vitambaa tofauti, kola tofauti, urefu tofauti. Gauni moja la kujifunga na sketi moja ya nusu duara vinaweza kukulisha muda mrefu. Kila mkato mpya unadai sampuli, marekebisho, saizi zote, picha. Wanaoanza na mitindo kumi kwa mpigo huishia kuwa na mitindo kumi isiyokaa vizuri.

Wengi huanza kwa kununua nguo za mtumba na kuzibadilisha. Ni shule nzuri na huvutia macho, lakini kuitegemea kuna ugumu wake: kila nguo ni moja, ya saizi moja, inahitaji picha yake na maelezo yake, na saa ulizotumia huwezi kuzitumia tena kwenye nyingine. Ukikosea mkasi, imekwenda. Hariri kuukuu nazo ziangalie mwangani. Za zamani sana zilikuwa zikiongezwa uzito kwa chumvi za metali, na leo zinapasuka zenyewe kwenye mikunjo, hakuna uzi utakaozishika. Kama hujui kitambaa ni cha nini, choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi iliyoungua, sufu hunuka nywele, poliesta huyeyuka ikabaki punje ngumu. Na kitambaa chochote kipya kifue kabla ya kukata.

Bei, kwa kifupi: andika saa. Kukata, kushona, kupiga pasi, kujibu jumbe, kupiga picha, kupeleka mzigo. Zote ni saa za kazi. Oda ya vipimo vya mtu ichukue kwa malipo ya awali yanayofunika angalau kitambaa, na muandikiane umekubali marekebisho mangapi. Ndugu na marafiki pia. Hasa hao.

Kuhusu wizi. Sheria hazifanani kila nchi, soma za kwako, lakini tofautisha vitu vitatu. Mkato, kwa mfano Marekani, kwa kawaida haulindwi na hakimiliki. Kiuno chembamba na sketi pana havina mwenyewe. Mchoro uliochapwa kwenye kitambaa ni kazi ya sanaa na unaweza kuwa bado unalindwa, kwa hiyo usiupige skani ukauchapisha upya kwa kuwa tu umeukuta kwenye gauni kuukuu. Jina na nembo ni mali ya wenyewe bila kujali umri wa nguo. Usiandike "mtindo wa kampuni fulani" kwenye tangazo, na usihamishie vifungo vyenye nembo kwenye kazi yako. Andika enzi na umbo: "miaka ya 40, mabega mapana". Wapenzi wa mtindo huu hutafuta kwa maneno hayohayo.

Chuo si lazima. Kitakupa kuchora pateni kwa mpangilio, mashine za viwandani na watu wa kukukosoa. Ukikosa nafasi, omba kukaa kwa fundi anayeshona makoti na suti, hata kama kwa miezi ya kwanza atakupa kushona vifungo na kupiga pasi. Anayejua kushona koti lenye bitana hashindwi na gauni, na pasi ndiyo nusu ya kazi yenyewe. Ukishafumua hilo la kwanza, weka hapa picha za ndani ya kiuno na za kwapa, niambie na cherehani yako ni ya aina gani, tutaendelea kutokea hapo.