Kiroboti cha Mwanjelwa: usikiuze bado

Kaka, umesema umekiokota kwenye lundo la midoli ya mtumba pale soko la Mwanjelwa, Mbeya: kiroboti cha njano kinachojikunja kuwa kigari cha Volkswagen. Kuna jamaa anakupa elfu tano, unauliza uuze au ungoje. Ngoja.

Kwa maelezo yako hicho ni Bumblebee, mmoja wa Transformers, ile midoli ya roboti zinazojigeuza. Hasbro, kampuni ya midoli ya Marekani, walianza kuwauza Transformers mwaka 1984, wakitumia kalibu (maumbo ya kutengenezea plastiki) za Takara, wenzao wa Japani. Ila ukikuta mwaka wa zamani umechongwa kwenye plastiki, usishangilie. Huo ni mwaka wa kalibu, na kalibu hutumika tena miaka mingi baadaye. Kila toleo jipya likitoka, bei ya vile vya zamani visivyo na boksi huyumba. Angalia kama kina kile kibandiko kinachobadilika rangi ukikisugua kwa kidole. Hicho kiliongezwa 1985, kwa hiyo chenye nacho si cha toleo la kwanza la 1984. Kisha tikisa mikono. Ikining'inia kama ya mlevi, bei imeshuka.

Na tafadhali, usikioshe! Changu nilikisugua kwa mswaki na maji ya moto, stika ikabanduka, na thamani ikaenda nayo. Futa tu kwa kitambaa kikavu, weka kwenye kopo la Blue Band, mbali na jua la dirishani. Kwa unyevu wa huko kwenu, pini za chuma kwenye viungo hushika kutu upesi.

Bei tazama kwa vilivyokwishauzwa. Muuzaji anayeandika dola mia anaota tu. Punguza na nauli ya kifurushi, ndipo umjibu huyo jamaa.