Maswali na Majibu: Matairi na Keria za SUV Ndogo Mpya

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu waliochukua SUV ndogo juzi juzi, na kila mmoja ana haraka ya kuibadilisha kabla hajaizoea. Nina ombi moja kabla sijaanza. Fungua mlango wa dereva, inama, usome kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango. Kimeandikwa saizi ya tairi, upepo wa mbele na wa nyuma, gari likiwa tupu na likiwa limejaa. Nusu ya maswali niliyoletewa yanaishia pale.

Gari langu limekuja na matairi 215/60 R17. Rafiki ameniambia nikifunga 235/70 R16 litanyanyuka na kupendeza. Kuna tatizo lolote?

Yapo kadhaa, na hesabu yake ni ya kalamu na karatasi tu. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, ikiwa ni asilimia ya huo upana. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi lako la sasa lina ubavu wa milimita 129. Zidisha mara mbili, jumlisha rimu ya milimita 432, unapata kimo cha milimita 690 hivi. La rafiki yako linafika 735. Limezidi kwa milimita 45, karibu asilimia 7.

Sasa tazama unachopata. Gari linanyanyuka kwa nusu tu ya tofauti hiyo, yaani milimita 22, upana wa kidole gumba. Unachopoteza ni kingi zaidi. Spidomita ikisoma 100 utakuwa unakwenda karibu 107. Ukikata usukani hadi mwisho, au ukidumbukia shimoni gari likiwa na watu, tairi litakwaruza plastiki ya ndani ya madigadi. Gia zote zinakuwa nzito kwa sababu injini inazungusha gurudumu kubwa zaidi. Na kuna magari ambayo rimu ya 16 haiingii kabisa, breki zake ni kubwa.

Mimi sivuki asilimia 3 ya kimo cha asili, na hata hapo natafuta sababu. Kama unachotaka ni tairi nene linalovumilia mashimo, jaribu 215/65 R16. Kimo chake ni milimita 686, tofauti na la sasa ni milimita 4 tu, lakini ubavu unapanda kutoka 129 hadi 140. Mara nyingi toleo la bei ya chini la gari hilohilo linatoka kiwandani na saizi hiyo, na utaikuta kwenye kibandiko au kwenye kitabu cha gari. Ikiwa haipo, usiifunge kabla fundi hajaijaribisha rimu tupu juu ya breki na kuizungusha kwa mkono.

Wengine mmeuliza kinyume chake, kupanda kutoka rimu ya 17 hadi ya 19. Mnalipia tairi lenye ubavu mwembamba, na shimo la kwanza la nguvu litapinda rimu au kutoa uvimbe ubavuni. Tairi lenye uvimbe nyuzi zake za ndani zimekatika. Halitengenezwi, linatupwa.

Ile 98H mwishoni mwa saizi ya tairi ina maana gani?

Nimelijibu hili mara nyingi, nalijibu tena kwa sababu bado watu wanauziwa matairi mepesi bila kujua. 98 ni uwezo wa kubeba, kilo 750 kwa tairi moja. H ni mwendo wa juu, kilomita 210 kwa saa. 91 ni kilo 615, 95 ni kilo 690, 102 ni kilo 850. Usishuke chini ya namba ya kibandiko hata kama saizi nyingine zote zinalingana. Kupanda juu yake hakuna ubaya.

Asilimia kubwa ya safari zangu ni lami, ila mara mojamoja naingia barabara ya vumbi. Nifunge matairi ya A/T, yale ya njia zote?

Hapana.

Nafahamu kwa nini swali hili halikomi. Tairi la A/T, lenye kashata kubwa (vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara) na mabega yaliyokatwakatwa, linalipa gari sura ya kazi, na picha zote za matangazo zinalionyesha likiwa juu ya mawe. Lakini tairi hilo ni zito kuliko la barabara, linavuma kwenye lami, linakula mafuta zaidi, na kwa kawaida linachelewa kusimama lami ikiwa imelowa. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima amani. Wewe unasema mwenyewe kwamba muda mwingi uko lamini. Mvua itakukuta huko, na mtoto atakayekatiza barabara utakutana naye hukohuko.

Barabara ya vumbi iliyoshindiliwa haihitaji A/T. Inahitaji tairi la barabara lenye ubavu wa kutosha, kina kizuri cha kashata na dereva anayepunguza mwendo. Kwenye mawe makali ya kila siku, au njia ya shamba inayopitwa wiki nzima, hapo A/T ina hoja, kwa sababu ubavu wake mara nyingi ni imara zaidi. Kwenye matope mazito hata A/T hujaa udongo na kuteleza.

Lipo jambo jingine wauzaji hawalisemi: SUV ndogo nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele tu. Neno SUV nyuma ya gari haliligeuzi kuwa foo-wili. Gari la aina hiyo likikwama, mara nyingi ni tumbo lililokalia udongo au tairi moja la mbele linalozunguka hewani, na kashata kubwa haziondoi lolote kati ya hayo.

Wanaotazama herufi M+S (matope na theluji) na kudhani zinathibitisha uwezo wa matopeni: hizo mtengenezaji hujiandikia kufuatana na mchoro wa kashata, bila kulazimika kupita jaribio. Alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani ndiyo yenye jaribio nyuma yake, na jaribio lenyewe ni la theluji.

Ukitaka kipimo cha maana, tafuta lebo ya Umoja wa Ulaya kama tairi linayo. Tangu Mei 2021 inatumia herufi A hadi E. Herufi ya kushika barabara yenye maji ndiyo uanze nayo, ya mafuta ije baadaye.

Muuzaji anasema matairi ni mapya, hayajawahi kufungwa. Ubavuni mwisho wa maandishi ya DOT pana 1417. Ni sawa?

Yametengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2017. Kutofungwa hakujayafanya mapya. Mpira huzeeka ghalani vilevile, ukikauka na kuwa mgumu, na jua na joto huuharakisha. Watengenezaji kadhaa wa magari wanashauri kubadili tairi likifika miaka 6, na wako watengenezaji wa matairi wanaoweka mwisho kwenye miaka 10 hata kama kashata bado zimejaa. Mrudishie. Na namba hiyo isome kwenye tairi moja baada ya jingine, maana katika seti ya manne huchomekwa moja la zamani. Upande mmoja wa tairi namba huwa haijakamilika, kwa hiyo zunguka upande wa pili kabla hujagomba na mtu.

Nina pesa ya matairi mawili tu. Niyafunge mbele, si ndiko kunakovuta?

Nyuma. Mbele pakiteleza, gari hukataa kukata kona, na dereva wa kawaida huachia mafuta likatulia. Nyuma pakiteleza, gari huzunguka, na wachache sana wanaweza kulirudisha. Yenye kashata nzima yakae nyuma, ya zamani yaje mbele, ilimradi hayajakaribia milimita 1.6, kimo ambacho vile vijiti vidogo vya TWI vilivyo ndani ya mifereji huwa sawa na uso wa tairi. Mimi siyasubiri yafike hapo. Kwenye maji, tairi la milimita 3 tayari limeanza kuchoka.

Lakini kama gari lako linaendesha magurudumu yote manne, soma kitabu chake kwanza. Mengi yanataka matairi manne yanayolingana, kwa sababu tairi lililochakaa lina mzunguko mfupi, na tofauti hiyo inakuwa mzigo kwenye mtambo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Fundi wa upepo anajaza psi 40 kwa kila gari. Amekosea?

Amekosea. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, na namba ya gari lako iko kwenye kibandiko. Pima tairi likiwa la baridi, kabla hujatembea. Geji ikisoma bar, zidisha kwa 14.5 kupata psi. Ukijaza watu na mizigo fuata safu ya pili ya kibandiko, ambayo wengi hawajawahi kuitazama. Nunua geji yako mwenyewe.

Gari langu lina reli mbili za urefu juu ya paa. Naweza kufunga vyuma vya kukingama vya aina yoyote?

Kwanza hakikisha kwamba hizo ni reli kweli. Kuna magari yanayotoka kiwandani na reli za urembo, plastiki iliyobandikwa au kushikiliwa na klipu, na kwa mbali huwezi kuzitofautisha na za chuma. Niliwahi kumwona jamaa aliyefunga ngazi juu ya reli za namna hiyo. Alifika alikokuwa akienda na reli moja ikining'inia, rangi ya paa ikiwa imechubuka hadi bati. Kitabu cha gari kitakwambia kama reli zinabeba na zinabeba kilo ngapi. Kikinyamaza kabisa kuhusu mzigo wa paani, chukua kwamba hazibebi hadi mtengenezaji aseme vingine.

Zikiwa za kweli, zipo namna mbili. Reli iliyoinuka, ambayo unaweza kupitisha vidole kati yake na paa, hufungwa kwa mguu unaoikumbatia. Reli iliyolala juu ya paa bila nafasi inahitaji mguu uliochongwa kwa ajili ya gari hilo. Mguu wa aina ya kwanza hauishiki ya pili, hata ukikazwa vipi. Gari lisilo na reli lina matundu ya skrubu yaliyofunikwa kwa vifuniko vidogo, au hufungwa kwa klipu zinazoshika ukingo wa mlango, na klipu hizo nazo zina namba ya modeli na mwaka wake. Vyuma vinavyouzwa kwa jina la "vinaingia gari lolote" sivifungi kwenye gari langu na sikushauri uvifunge kwenye lako.

Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya vyuma. Tembea kilomita 50, simama, kaza tena.

Kitabu kinasema paa linabeba kilo 75, na boksi nililonunua limeandikwa kilo 75. Kwa hiyo naweza kulijaza?

Huwezi, na hapa naomba usome polepole. Zile 75 za gari ni jumla ya kila kilicho juu ya paa. Vyuma viwili vina kilo 6 hivi, boksi tupu lina kilo 20. Zimebaki 49 za mizigo. Vyuma navyo vina kikomo chao, boksi lina chake, reli zina chake. Kikomo kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala.

Mzigo wa juu hauonekani uzito wake ukiwa unakwenda taratibu. Utauhisi siku utakapokwepa kitu ghafla. SUV tayari imekaa juu kuliko gari dogo la kawaida, na kila kilo unayoiweka paani inapandisha kitovu cha uzito. Vizito viweke ndani, chini, karibu na mgongo wa kiti cha nyuma. Juu weka vyepesi vyenye ukubwa: magodoro, nguo, mahema. Ndoo za maji na mafuta nimeziona paani. Ziteremshwe.

Waliouliza hema la paani: kile kikomo ni cha gari likiwa linatembea. Likiwa limesimama paa huvumilia zaidi, ndiyo maana watu wawili wanaweza kulala juu, lakini hema lenyewe mara nyingi linazidi kilo 50, na hilo linahesabiwa njiani. Pata kikomo cha kusimama kutoka kwa mtengenezaji wa gari au wa vyuma. Usikikisie.

Vyuma vinapiga mluzi nikifika kilomita 80.

Angalia kama ukanda wa mpira wa mfereji wa juu umefunika urefu wote wa chuma, na kama chuma chenye umbo la bawa hukukifunga mgongo mbele. Kama huna mzigo, vitoe. Vinakula mafuta bure.

Spea yangu ni ile nyembamba. Naweza kusafiri nayo?

Unaweza kufika nayo kwa fundi, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Nyingi zinataka upepo wa bar 4.2, sawa na psi 60, na nyingi nilizopima zilikuwa hazina hata nusu yake. Ipime unapopima yale manne.

Mlango wa nyuma unagonga boksi la paani ukifunguka.

Legeza boksi, lisogeze mbele, kisha mtu mmoja apandishe mlango taratibu kwa mkono huku mwingine akitazama mwanya. Kama mlango ni wa umeme, punguza kimo cha kufunguka kwenye mipangilio kabla hujaugusa tena. Na paa lako likiwa la kioo kinachofunguka, zima swichi yake kwa abiria wote: kioo kinachoinuka na kukutana na chuma cha kukingama hupasuka.