Maswali ya Wasomaji: Mwalimu wa Sayansi katika Shule ya Kanisa

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia na hisabati, nami nimepata nafasi katika shule ya sekondari ya Kanisa Katoliki, ingawa mimi si Mkatoliki. Nahofia kwamba nitatakiwa kuruka baadhi ya mada, hasa chanzo cha ulimwengu, na kwamba sitapanda cheo kwa kuwa uongozi ni wa mapadre na masista. Je, nikubali?

JIBU: Mwalimu, hofu ya kwanza iondoe kabisa. Mafundisho ya Kanisa Katoliki hayakuzuii kufundisha kwamba ulimwengu una umri wa takriban miaka bilioni 13.8. Aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutokana na chembe moja ya awali, alikuwa padre Mbelgiji, Georges Lemaître. Papa Pio XII alipodokeza mwaka 1951 kwamba sayansi hiyo inaunga mkono imani ya uumbaji, Lemaître mwenyewe hakupendezwa, kwa sababu alitaka nadharia ya fizikia isimame au ianguke kwa vipimo vyake yenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi akinyoosha mkono na kuuliza kama kitabu cha Mwanzo kinapingana na somo lako, mwonyeshe jinsi mistari ya mwanga wa galaksi za mbali inavyosogea upande wa wekundu, umweleze kwamba kusogea huko ni dalili ya ulimwengu kupanuka, kisha swali la kwa nini ulimwengu upo umwachie mwalimu wa dini, bila kulidharau. Kuhusu mageuko ya viumbe, endapo utapewa pia vipindi vya baiolojia, Papa Yohane Paulo II alikiri mwaka 1996 kwamba nadharia hiyo ni zaidi ya dhana tu.

Tena Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 806, inawataka wakuu wa shule za Kikatoliki wahakikishe kwamba elimu inayotolewa humo haipungui ubora wa ile ya shule nyingine za eneo hilo. Mwalimu anayeruka mada ndiye anayekwenda kinyume na kanuni hiyo. Kanuni ya 803 nayo inadai uadilifu wa maisha kwa walimu, na hapo ndipo unapaswa kujipima kwa dhati: usiahidi mwenendo usioweza kuuishi.

Kuhusu cheo, wasiwasi wako una msingi. Uliza kwanza mmiliki ni nani, jimbo la askofu au shirika la kitawa, kwa kuwa katika shule za mashirika mkuu mara nyingi ni mtawa anayeteuliwa na wakubwa wake, naye huhamishwa kwa uamuzi wao. Hata hivyo, ukuu wa idara, taaluma na mitihani kwa kawaida hushikwa na walimu walei, yaani wasio mapadre wala watawa, na mwalimu mahiri wa hisabati hutafutwa kila mahali. Binafsi ningekubali, ila si kabla ya kusoma mkataba wote: mshahara, pensheni, idadi ya vipindi, na kama kuhudhuria misa na mafungo ni lazima. Omba pia kuingia maabara, uone kama kuna fundi wa kuandaa majaribio, kwa maana asipokuwepo, kazi hiyo itakuangukia wewe baada ya vipindi, na inafaa ihesabiwe katika mzigo wako wa kazi kabla hujatia saini.