Kamera ya Mfukoni Niliyoingoja Mwaka Mzima

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, simu imeshaiua kamera ya mfukoni?" Nimelisoma asubuhi hapa studio kwangu, Mtwara mjini, mteja wa pasipoti akiwa kwenye kioo anachana nywele, na mpaka jioni halijanitoka. Mimi sikubali kwamba muuaji ni simu peke yake. Kuna kamera zilizotangazwa na wenyewe, tukaambiwa tungoje, halafu wenyewe hao hao wakazizika kabla hazijafika dukani.

Nazungumzia DL za Nikon. Tarehe 23 Februari 2016 walitangaza tatu kwa mpigo: DL18-50, DL24-85 na DL24-500. Niliyoitaka ni ile ya katikati. Inaingia mfukoni, lakini sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga wa picha, ni ya inchi 1, yaani milimita 13.2 kwa 8.8, ukubwa ambao simu za kawaida za wakati ule hazikuukaribia. Megapikseli 20.8. Na lenzi yake inafunguka mpaka f/1.8. Kwa sisi tunaofanya kazi za usiku, hiyo f/1.8 ndiyo habari yenyewe: tundu likiwa pana, mwanga kidogo unatosha na huna haja ya kuwamulika watu kwa flashi. Bei waliyoitaja ilikuwa dola 650 kasoro senti tano, kama shilingi milioni 1.4 kwa dola ya siku zile.

Zilikuwa zitoke Juni. Aprili wakasema zitachelewa, saketi ya kuchakata picha ina tatizo kubwa. Tarehe mpya hawakutaja.

Msimu ule wa korosho bei ilikuwa nzuri. Mama alipolipwa na chama cha msingi alinikatia fungu akasema, "Hii ya kamera yako, usiile." Sikuila. Jamaa anayeniletea vifaa kutoka Kariakoo akanipigia: kuna Sony RX100, sensa ukubwa uleule, f/1.8 ileile, nimtumie hela aipakie kwenye basi la kesho. Nikamwambia hapana, nangoja DL. Niliijua Nikon kwa miaka, betri zake ninazo, rangi zake za ngozi nazipenda. Nikaona miezi michache si kitu.

Desemba ikafika. Kijijini kwa mama, upande wa Nanyamba, wali, yaani wasichana waliochezwa unyago, walikuwa wanatoka, nami nikaitwa kupiga picha. Mambo ya ndani ya unyago hayapigwi, na mimi nimechezwa, najua mpaka wangu uko wapi. Kazi yangu ilikuwa uwanjani: mkesha, ngoma, na asubuhi wali wakitoka wamepambwa. Nikaenda na kamera yangu kubwa, ile ya harusi, na flashi juu yake.

Usiku wa manane uwanja mzima ulikuwa na taa moja ya sola, imening'inizwa kwenye tawi la mkorosho. Vumbi lilikuwa limepanda mpaka magotini. Wapigaji wakabadilisha mdundo, wakaingia ngoma ya zamani ambayo wasichana wa sasa hawaiwezi, na bibi, dada yake bibi mzaa mama, akanyanyuka kwenye mkeka. Alikuwa mtu wa zaidi ya miaka themanini. Chale za uso zilikuwa zimefifia, na mdomo wa juu ulikuwa na lile tundu la ndonya, pambo la mdomo la wanawake wa zamani, aliyoiacha miaka mingi nyuma. Kila akicheka huliziba kwa ncha ya kanga. Maisha yangu yote nimemwona akifanya hivyo. Usiku ule hakuliziba. Mkono mmoja kiunoni, kiwiko cha pili juu, anacheka mdomo wazi, na wanawake wamemzunguka kwa vigelegele.

Nikainua kamera. Flashi ikawaka. Uwanja wote ukanigeukia, mpigaji mmoja akapoteza mdundo, na bibi akashusha mkono, akajifunika mdomo, akarudi kwenye mkeka wake. Nikamfuata kumwomba radhi. Akaniambia, "Mjukuu wangu, ungesema unapiga, ningevaa kanga yangu mpya."

Asubuhi aliivaa. Nikampiga ameketi kwenye kiti, mikono magotini, mdomo umefumba, macho kwenye lenzi kama anayesubiri kuulizwa jina. Picha safi, hesabu chale moja moja ukitaka. Masika ya 2018 alifariki, na ndiyo tuliyoiweka mezani kwenye arobaini.

Ningekuwa na kamera ndogo isiyohitaji flashi, nikakaa kwenye mkeka pamoja nao, nikapiga kutoka mapajani, hakuna ambaye angegeuka. Ndiyo maana tarehe 13 Februari 2017, Nikon walipotangaza kwamba DL zote tatu zimefutwa, sikuweza kula siku ile. Walisema gharama za kutengeneza zimepanda, na soko likiwa limepoa mauzo waliyoyatarajia yameshuka.

Nimeandika mpaka hapa kwa hasira, lakini haki isemwe. Mwaka 2008 dunia ilipokea kamera ndogo zaidi ya milioni 100. Mwaka 2016 hazikufika milioni 13. Katika siku hizo hizo Nikon walikuwa wakiwaaga kwa hiari wafanyakazi zaidi ya elfu moja Japani. Na saketi ile wasingeirekebisha, mimi Mtwara ningepata kifaa kibovu cha milioni 1.4, fundi wa kukifungua hayupo. Bora walivyosema hapana. Ninachowadai ni ile miezi kumi ya ukimya kati ya Aprili na Februari, ingawa hapo napo RX100 ilikuwepo Kariakoo na aliyeikataa ni mimi.

Kuna jambo la pili, nalo linanigusa zaidi. Binti wa mjomba alikuwa na simu usiku ule, simu ya kawaida tu, na alimpiga bibi kabla ya flashi yangu kuwaka. Picha imejaa chenga, taa ya sola imekuwa duara jeupe, lakini kiwiko kiko juu na mdomo uko wazi.

Kwa hiyo jibu langu, mhariri: ndiyo, simu imeiua, na pale uwanjani ilistahili kushinda. Ila msiandike kwamba inatosha. Nilijaribu kuisafisha picha ile kwa saizi ya A4, uso ukayeyuka, chale hazionekani, ndonya huijui ilikuwa wapi. Simu za leo ni nzuri zaidi, nakubali, lakini chini ya mkorosho saa nane za usiku bado nasikia haja ya lenzi ya kweli. Hela ya mama ilinunua printa. Kwa printa hiyo niliitoa picha ya simu kwa saizi ya kadi, na ndiyo iliyo kwenye fremu juu ya kaunta yangu. Ile yangu ya kanga mpya iko kwa mama.

Msomaji, Mtwara